Kutoka Kweli hadi Sana: Historia ya Neno "Very"

Mtoto wa shule, awe wa Unguja, wa Pemba au wa Lamu, hufundishwa mapema katika somo la Kiingereza kwamba "very" ni "sana". "Very good" ni vizuri sana, "very hot" ni moto sana. Somo hilo halina kosa, na aghlabu mwanafunzi huenda nalo umri wake wote bila ya kukwama. Ila hutokea siku akaifungua tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1611 kwa agizo la Mfalme James, akafika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 27. Mzee Isaka amekwisha kupofuka. Anataka kumbariki mwanawe mkubwa, Esau, lakini aliyeingia kwake ni mdogo, Yakobo, aliyevaa nguo za nduguye na kufungwa ngozi za wana-mbuzi mikononi. Mzee ana shaka. Anamtaka kijana asogee ampapase, apate kujua kama ndiye "very son" wake Esau au siye. Hapo "sana" ya darasani hugoma. Hakuna mzazi aliyepata kumuuliza mtoto: je, wewe ni mwanangu sana?

Anachouliza Isaka ni jambo zito kuliko kiasi. Anauliza ukweli: wewe ndiwe, au siwe? "Very" ya aya ile ni kivumishi, na maana yake ni "wa kweli". Wala haifai kudhani kwamba wafasiri wa 1611 hawakuijua maana inayofundishwa leo. Katika kitabu kile kile, mwisho wa sura ya kwanza, Mungu anavitazama vyote alivyoviumba, na Kiingereza chao kinasema vilikuwa "very good", yaani vyema sana. Kwa hiyo kati ya "very" ya sana na "very" ya kweli zipo sura 26 tu. Ni kitabu kimoja, kazi ya kizazi kimoja, na neno moja linabeba mizigo miwili. Mzigo mmoja ulikuwa unapanda, na mwingine unashuka. Historia ya kupanda na kushuka huko inafaa kusimuliwa kwa Kiswahili, maana haikuwapata Waingereza peke yao.

Waingereza hawakuzaliwa na neno hili. Katika Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla ya mwaka 1066, aliyetaka kukaza sifa alisema "swithe", neno lililotokana na nguvu. Kitu kilikuwa chema kwa nguvu, au baridi kwa nguvu. Mswahili hawezi kuona ajabu hapo, kwani "sana" nayo ina harufu ya nguvu ndani yake: "kaza sana", "vuta sana", "sema sana usikike". Kila lugha hulitafuta mahali neno lake la kukazia, na mahali penyewe hueleza mengi. Wajerumani husema "sehr", na asili yake ni maumivu. Ni ndugu wa neno la Kiingereza "sore", kidonda kinachouma. Wafaransa husema "très", kutokana na neno la Kilatini la kuvuka ng'ambo, jambo ambalo Mswahili hulisema kwa "kupita kiasi". Waarabu husema "jiddan", na "jidd" ni kinyume cha mzaha. Kwao, kukaza sifa ni kuapa kwamba mtu hafanyi mchezo. Kwa hiyo wako waliokopa kwenye nguvu, wako waliokopa kwenye uchungu, wako waliokopa kwenye safari, na wako waliokopa kwenye bidii. Waingereza, walipochoka na neno lao la nguvu, walikopa kwenye ukweli.

Mkopo wenyewe ulikuja na watawala. Mwaka 1066 William, mtemi wa Normandy, alivuka mlango wa bahari akakitwaa kiti cha Uingereza, na kwa karne kadhaa baada ya hapo Kifaransa kilikuwa lugha ya ikulu, ya sheria na ya watu wakubwa. Mwaka 1362 ndipo ilipopitishwa sheria ya kutaka kesi zisemwe kwa Kiingereza mahakamani, kwa kuwa wenye kesi hawakuelewa yaliyokuwa yakisemwa juu yao. Katika muda huo wote maneno ya Kifaransa yaliingia Kiingereza kama maji yanavyoingia ngalawa iliyotoboka. Mojawapo, lililoingia katika karne ya 13, lilikuwa "verai", neno ambalo Wafaransa wa leo hulitamka "vrai", yaani kweli. Babu yake ni "verus" wa Kilatini. Ukoo wake ungalipo Uingereza, na wengi katika ukoo huo wameshika kazi ya heshima. "Verify" ni kuhakikisha. "Verdict", uamuzi wa baraza la wazee wa mahakama, ni maneno mawili ya Kilatini yaliyounganishwa, maana yake "lililosemwa kwa kweli". "Verily" ni "amini", "hakika". Ndugu mmoja tu ndiye aliyeacha kazi ya ukoo, naye ndiye anayesikika kila dakika.

Mwanzoni "verray", kama lilivyoandikwa zamani, lilikuwa neno la kiapo na la imani. Wakristo walipotaka kukiri kwa Kiingereza imani iliyotungwa Nikea mwaka 325, palipokuwa na ugomvi mkubwa juu ya Kristo, kama ni Mungu wa kweli au ni kiumbe, neno walilolitegemea lilikuwa hilo. Limo katika kitabu cha sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1549, na limewekwa mara mbili katika kifungu kimoja, mbele ya neno "God". Msomaji akilisoma kwa maana ya "sana", kifungu kizima kinamwagika. Watu walihukumiwa na kufukuzwa makwao kwa ajili ya jambo lile, na jambo lenyewe lilikuwa la ndiyo au siyo; halikuwa la zaidi au pungufu.

Basi neno lenye adhabu namna hiyo liliangukaje hadi likawa kijungu cha kila mpishi? Jibu limo katika mpangilio wa sentensi. Kiingereza hutanguliza sifa mbele ya jina, tena hazina alama ya kuzifunga na jina hilo. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alipomsifu mpiganaji wa farasi katika utangulizi wa The Canterbury Tales, alimpangia sifa tatu mfululizo: wa kweli, kamili, mwungwana. Ya kwanza ni "verray". Chaucer alikusudia kwamba mtu huyu ni mpiganaji wa kweli, si mwigaji. Lakini sifa hiyo imesimama bega kwa bega na sifa inayofuata, na msomaji wa leo huziunganisha bila ya kujijua: anasikia "kamili sana". Kosa hilo la msomaji wa leo ndilo lililofanywa na lugha nzima hapo zamani. Mtu "wa kweli, mwungwana" alisikika kuwa mtu "mwungwana kwa kweli", na mtu "mwungwana kwa kweli" hakukawia kuwa mtu "mwungwana sana". Hakuna aliyeamua. Neno lilisogea kidogo kidogo, kama chombo kilichoachiwa nanga mbovu.

Hapa Kiswahili kina jambo la kumfundisha Mwingereza. Mswahili akisema "rafiki wa kweli", ile "wa" ndogo humfunga kweli na rafiki, na haiwezekani kuisikia kama kiasi. Akiiondoa, akasema "mwema kweli", papo hapo neno limehama: limeacha kushuhudia, limeanza kupima. Mlinzi wa maana ni silabi moja. Kiingereza hakikuwa na mlinzi huyo, na kwa hiyo mlango ulibaki wazi usiku na mchana. Kufikia karne ya 15 "very" ilikuwa ikitumika waziwazi kwa maana ya "sana", ikipambana na wazee wenziwe "full", "well" na "right". Na katika karne ya 16 iliwashinda wote.

Ushindi huo haukupita bila ya kuonwa. Katika tamthilia ya Romeo and Juliet, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1597, Shakespeare amemweka kijana mmoja mwenye ulimi mkali, Mercutio. Katika kitendo cha pili Mercutio anawadhihaki mabarobaro wa mtindo mpya, wanaojipinda katika kusema na kujitia ustadi wa upanga. Anawaiga wanavyosifu: wakisifu upanga ni "very", wakisifu mwanamume ni "very", wakisifu kahaba ni "very". Watazamaji walicheka, kwa sababu walikuwa wakiwasikia vijana hao kila siku mitaani London. Neno la Imani ya Nikea lilikuwa limekuwa pambo la wapenda fasheni.

Lakini Shakespeare hakuishia kwenye kicheko. Katika kitendo cha tatu, Romeo anajitupa kati ya Mercutio na hasimu wake Tybalt ili awaamue, na upanga wa Tybalt unapita chini ya mkono wake na kumchoma Mercutio jeraha la kufa. Mercutio anaondolewa, na Romeo, akiwa peke yake jukwaani, anamtaja aliyeumizwa kwa ajili yake. Anamwita "very friend" wake. Hakusudii rafiki sana. Anakusudia rafiki wa kweli, aliyeuthibitisha urafiki kwa damu. Mtu aliyelicheka neno lilipochakaa ndiye anayelipata lingali zima. Mfasiri wa Kiswahili akifika hapo hana njia ya kuonesha kwamba neno ni lile lile; ataandika "sana" kule na "wa kweli" huku, na tafsiri yake itakuwa sahihi pande zote mbili, ilhali fundo linalozishika pande hizo litakuwa limefunguka mikononi mwake. Kiswahili kimekwisha kuizoea kazi ya namna hii tangu Julius Nyerere alipofasiri Julius Caesar mwaka 1963 na kuchapisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na kila aliyeijaribu anajua kwamba maneno makubwa hayasumbui kama haya madogo.

Maneno ya kukazia yakishachoka huweza kupewa kazi ya kupanga vyeo. Katika Kanisa la Kianglikana, padri wa kawaida huandikwa "Reverend", anayestahiki heshima. Mkuu wa kanisa kuu la dayosisi huandikwa "Very Reverend". Askofu huandikwa "Right Reverend", na askofu mkuu "Most Reverend". Edward Steere, aliyewekwa wakfu kuwa askofu mwaka 1874, akajenga kanisa la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa, na ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, alikuwa na haki ya hilo neno "Right" mbele ya jina lake hadi alipofariki mwaka 1882. "Right" asili yake ni sawa na nyoofu. "Very" asili yake ni kweli. Katika vyeo hivyo hakuna anayepima unyoofu wa askofu wala ukweli wa mkuu wa kanisa. Maneno yamekuwa ngazi, na kinachotazamwa ni nani amekanyaga ipi.

Wenye sarufi walijaribu kuweka mipaka. Kwa muda mrefu walibishana kama inafaa kusema "very pleased", au kama vitenzi vilivyogeuzwa sifa vinataka "much" peke yake. H. W. Fowler, katika kamusi yake ya matumizi ya Kiingereza ya mwaka 1926, alilipa jambo hilo nafasi yake na kueleza wapi mstari upite. Watu waliendelea kusema walivyopenda. Na wakati wanazuoni wakilinda mlango huo, wizi ulikuwa ukifanyika kwenye mlango mwingine. "Very" ilikuwa imechoka kiasi cha kwamba haikuwa tena na nguvu ya kukaza, na lugha ikaanza kutafuta neno jipya. Ilikwenda wapi? Ilirudi kule kule kwenye ukweli. Ilichukua "really", neno la kitu kilichopo hasa, si cha kuwaziwa.

Mwaka 2003 wataalamu Rika Ito na Sali Tagliamonte walichapisha utafiti juu ya usemi wa watu wa York, mji wa kaskazini mwa Uingereza. Waliona kwamba wazee wa mji ule hukaza maneno yao zaidi kwa "very", na vijana wameshika "really". Mjukuu na babu wanakaa chumba kimoja, kila mmoja ana neno lake la kweli lililogeuka la kiasi. La babu lilichoka zamani, na la mjukuu linachoka sasa. Nyuma ya "really" inakuja "literally", neno lililokuwa na maana ya "kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi". Mwaka 2013 magazeti ya Uingereza yalipiga kelele yalipogundua kwamba kamusi zimekiri kuwa watu hulitumia kwa kutia chumvi tu, ingawa matumizi hayo yana mizizi tangu karne ya 18. Aliyeisoma historia ya "very" hakushtuka. Ni kesi ile ile, mshitakiwa mwingine.

Sababu ya maradhi haya haiko katika uvivu wa vijana, kama inavyodaiwa kila kizazi. Iko katika tabia ya ushahidi wenyewe. Mtu huapa anapoona hataaminiwa. Akiapa mara moja, kiapo kina uzito. Akiapa kwa kila jambo, bei ya samaki, joto la jana, utamu wa chai, wasikilizaji hukipunguzia kiapo thamani, naye hulazimika kutafuta kikubwa zaidi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na neno linalotembezwa kila mlango hurudi nyumbani na soli zimekwisha. Ndiyo maana Mwingereza akisema mtu fulani ni "honest", mwaminifu, msikilizaji hutulia, na akisema ni "very honest", msikilizaji mwerevu hujiuliza kwa nini imebidi kuongeza.

Kiswahili kimo katika safari hiyo hiyo, na si vibaya kukijua kilipofika. "Hasa", kutoka neno la Kiarabu la jambo mahsusi, bado lina sura zake mbili: "huyo hasa" hushuhudia, ndiyo "very" ya Isaka, na "mzuri hasa" hupima. "Halisi", lenye asili ya kitu safi kisichochanganywa, limeshikilia kazi yake kwa uthabiti. Asali halisi haijawa asali nyingi. "Kweli" imesimama katikati. Penye "wa", "ya" au "la" ingali shahidi. Pasipo na kiunganishi hicho, kama katika "tamu kweli" au "mbali kweli", imekwisha kuwa mizani, na anayetaka kushuhudia hulazimika kuirudia, "kwelikweli", au kuiongezea "wallahi". Vijana wa miji mikubwa nao husema fulani "amependeza vibaya", bila ya kukusudia ubaya wowote, kama Waingereza walivyochukua maneno ya hofu na kusema "awfully nice" na "terribly kind". Hakuna sababu ya kuwalaani. Lakini mshairi, mfasiri na mkalimani wa mahakamani wana deni lao: kujua kila siku ni neno lipi katika lugha yao ambalo lingali linaweza kuulizwa swali la ndiyo au siyo, na kulitumia kwa uchache, lisije likaisha.

Kiswahili kina hazina moja zaidi ambayo Kiingereza hakina: ule mzizi wa "ndi-". "Ndiye", "ndiwe", "ndimi", "ndicho". Haupimi chochote. Hauna zaidi wala pungufu. Mtu hawezi kuwa ndiye kidogo. Swali la Isaka, lililowafanya Waingereza waazime kivumishi kutoka Ufaransa na baadaye wakipoteze, Mswahili hulimaliza kwa "ndiwe, au siwe?"

Na hata hivyo neno peke yake halimlindi mtu. Katika tafsiri ile ya 1611 "very son" yumo mara mbili, aya ya 21 na aya ya 24. Mzee aliuliza, akapapasa, akauliza tena, na kijana akamjibu kwamba ndiye. Alikuwa amemdanganya. Kati ya maswali hayo mawili Isaka alikwisha kutamka mwenyewe kilichomtia shaka: mikono ni ya Esau, lakini sauti ni ya Yakobo. Ukweli ulikuwa katika sauti, naye alikuwa ameusikia. Aliuacha, akalifuata jibu.